Baiti 1,212 za Ziada: Uchambuzi wa Kisa cha Kufungua ZIP Yenye Programu Hasidi

Kifurushi kilichobanwa hujieleza chenyewe: kina mafaili mangapi, yana ukubwa gani, yanaitwaje. Maelezo hayo yameandikwa na aliyekitengeneza, na katika uchambuzi wa programu hasidi aliyekitengeneza ndiye mshukiwa. Orodha inayotokea kwenye skrini basi ichukuliwe kama maelezo ya mshukiwa. Ushahidi ni baiti zenyewe. Katika kisa hiki tunafungua kifurushi tabaka kwa tabaka, na hatuvuki tabaka lolote kabla hatujajua kila baiti yake ni ya nini.

Majina ya mafaili na ukubwa wake vimepangwa kwa ajili ya kufundishia. Mbinu zilizomo ni zile zile ambazo wachambuzi hukutana nazo katika viambatisho vya barua pepe.

Kilichofika

Idara ya uhasibu imepokea barua pepe yenye kiambatisho Ankara_Juni.zip, baiti 562,677. Barua inasema kiambatisho kimefungwa kwa nenosiri Jun2277. Kichujio cha barua kimekipitisha, na kwenye rejista yake kimeandika kwamba ndani mna faili moja la maandishi, Maelezo.txt, lisilo na tatizo wala nenosiri. Mpokeaji anasema alipofungua ZIP hiyo kwenye kompyuta yake aliona kitu kingine kabisa: faili linaloishia na .iso, yaani nakala ya diski nzima ya CD ndani ya faili moja. Hakubofya zaidi, akatoa taarifa.

Kichujio hakikukosea kusoma, na mpokeaji hakuona vibaya. Faili moja limesomwa kwa njia mbili likatoa majibu mawili.

Jambo la kwanza ni kupata barua yenyewe kutoka kwenye seva ikiwa faili la .eml. Usimwombe mpokeaji akusambazie barua hiyo, kwa sababu kusambaza hubadilisha vichwa vya barua, na kichujio kinaweza kuling'oa kiambatisho njiani. Faili la .eml ni maandishi matupu, kiambatisho kimo ndani kwa msimbo wa Base64, kwa hiyo halifunguki kwa bahati mbaya. Linahamishwa hivyo hivyo hadi kwenye mashine ya uchambuzi, na kiambatisho kinatolewa huko kwa munpack au kwa moduli ya email ya Python. Kikishatoka, chukua heshi ya SHA-256, yaani namba ya utambulisho inayokokotolewa kutokana na baiti za faili, kabla ya kukigusa kwa lolote.

Meza ya kazi

Kazi yote inafanyika ndani ya mashine pepe ya Linux, kwa mfano REMnux, Linux ya wachambuzi wa programu hasidi, iliyozimwa mtandao kabisa. Folda za kushirikiana na kompyuta mama zimezimwa, na ubao wa kunakili pia. Hali ya mashine imehifadhiwa ikiwa safi ili irudishwe kazi ikiisha. Linux imechaguliwa kwa sababu faili la Windows likitoka humo haliwezi kujiendesha kwa kubofywa. Kosa linaloonekana sana ni kuacha folda ya kushirikiana ikiwa wazi: mchambuzi anafungua kifurushi ndani ya mashine pepe, kinga ya virusi ya kompyuta mama inaona faili jipya kwenye folda hiyo, inalifuta, na sampuli inapotea katikati ya kazi. Mbaya kuliko hilo ni folda hiyo kuwa inapandishwa kwenye hifadhi ya mtandaoni, hapo sampuli husambaa kwenye kila kompyuta iliyounganishwa na akaunti hiyo.

Wapo wanaoamini kwamba kufungua kifurushi hakuna hatari, hatari ni kuendesha kilichomo. Imani hiyo imeshakanushwa mara nyingi. Mwaka 2019 ilitangazwa dosari ya WinRAR, programu ya kufungua vifurushi, yenye namba ya usajili CVE-2018-20250: kifurushi cha ACE kiliweza kuandika faili popote kwenye diski, ikiwemo folda ya Startup ambayo vilivyomo hujiendesha Windows ikiwaka, wakati wa kufungua tu. Dosari ya aina hiyo hiyo, CVE-2025-8088, ilizibwa katika WinRAR 7.13 mwaka 2025 baada ya kukutwa tayari inatumika kushambulia watu. Mwaka 2018 kampuni ya Snyk ilikuwa imeonyesha, kwa jina la Zip Slip, kwamba maktaba nyingi za programu zilikubali majina yenye ../ bila kuyakagua. Kwa hiyo sehemu ya kufungulia huwekewa kuta zake:

mount -t tmpfs -o size=1g,nr_inodes=20000,mode=700,uid=1000,noexec,nosuid,nodev tmpfs /mnt/kazi

Amri hii inatengeneza folda inayoishi kwenye RAM, isiyoweza kuzidi gigabaiti 1 wala mafaili 20,000. Mashine pepe iwe na RAM ya angalau gigabaiti 4, la sivyo tmpfs ikijaa mashine nzima itaelemewa. Alama ya noexec inazuia programu kuendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye folda hiyo, lakini haizuii python faili.py wala bash faili.sh, maana hapo kinachoendeshwa ni python au bash, navyo viko kwingine. Usiitegemee peke yake. Kazi ya kufungua ifanywe na mtumiaji wa kawaida, kamwe si root, yule mwenye mamlaka yote.

Hesabu ya baiti 22 za mwisho

ZIP husomwa kuanzia mwisho. Mwishoni kabisa kuna rekodi ya kufungia yenye baiti 22, pamoja na maoni yakiwepo, ambayo yanaweza kufika baiti 65,535. Rekodi hiyo inasema saraka kuu iko wapi, na saraka kuu inasema kila faili liko wapi. Programu inayofuata kanuni huanzia hapo. Programu nyingine huanza mbele, zikikutana na alama PK ya faili la kwanza huendelea kutoka hapo. ZIP moja ya kawaida hutoa jibu lile lile kwa njia zote mbili. ZIP mbili zilizounganishwa kitako kwa kichwa hutoa majibu mawili.

Tuangalie mwisho wa kiambatisho:

tail -c 22 Ankara_Juni.zip | xxd -g1

50 4b 05 06 00 00 00 00 01 00 01 00 3d 00 00 00 e6 90 08 00 00 00

Baiti zimeandikwa kwa hesabu ya msingi wa 16. Nne za kwanza ni alama ya rekodi, na 50 4b ni herufi PK. 01 00 mara mbili: kuna ingizo 1. Kisha 3d 00 00 00: saraka kuu ina baiti 61. Kisha e6 90 08 00, ambayo kwa mpangilio wa baiti ndogo kwanza ni 0x000890E6, yaani 561,382: saraka kuu inaanzia hapo. Sifuri mbili za mwisho zinasema hakuna maoni.

Sasa hesabu. Faili lina baiti 562,677. Toa 22 za rekodi, toa 61 za saraka kuu, unabaki na 562,594. Hapo ndipo saraka kuu ilipo kweli. Rekodi inadai iko 561,382. Tofauti ni 1,212. Kuna baiti 1,212 mbele ya ZIP hii ambazo ZIP yenyewe haizijui.

Amri ya unzip inaligundua hilo, inatoa onyo la 1212 extra bytes at beginning or within zipfile kisha inaendelea kana kwamba hakuna kitu. Onyo hilo hupuuzwa sana kwa sababu kazi haikusimama. 7-Zip nayo ikikutana na ZIP mbili zilizounganishwa huonyesha ile ya kwanza na kuonya kwamba kuna data baada ya mwisho wa kifurushi. Mchambuzi anayetumia 7-Zip peke yake, asome onyo au asisome, anabaki anatazama Maelezo.txt, sawasawa na kichujio.

Tuhakikishe kwa kutafuta alama zote:

LC_ALL=C grep -obUaP 'PK\x05\x06' Ankara_Juni.zip

Majibu yanatoka mawili, 1190 na 562655. Rekodi ya kwanza inaanzia 1,190 na ina baiti 22, kwa hiyo ZIP ya kwanza inaishia kwenye 1,212 barabara. Ukitafuta PK\x03\x04, alama ya mwanzo wa faili, unapata 0 na 1212. Alama hizi zinaweza kuonekana mara nyingi pia kwa sababu halali, hasa ZIP ikiwa imewekwa ndani ya nyingine bila kubanwa, kwa hiyo kuzihesabu tu hakutoshi: nafasi zake zikubaliane na hesabu ya juu. Hapa zinakubaliana.

Tunazitenganisha:

head -c 1212 Ankara_Juni.zip > sehemu1.zip
tail -c +1213 Ankara_Juni.zip > sehemu2.zip

Angalia 1213. Amri ya tail huhesabu kuanzia 1, kwa hiyo +1213 ina maana anza na baiti ya 1,213, ukiwa umeruka 1,212. Ukiandika +1212 unabeba baiti moja ya ZIP ya kwanza, na kila hesabu ya mbele itapishana kwa 1.

Ukubwa wa sehemu2.zip ni 561,465. Je, zote zimejulikana? Kichwa cha faili ndani ya ZIP ni baiti 30 pamoja na jina, jina Ankara_Juni.iso lina herufi 15, jumla 45. Data iliyobanwa, kwa mujibu wa 7z l -slt sehemu2.zip, ni 561,337. Saraka kuu ni 46 na jina 15, jumla 61. Rekodi ya mwisho 22. 45 + 561,337 + 61 + 22 = 561,465. Hakuna baiti iliyobaki. Kwa sehemu1.zip, jina Maelezo.txt lina herufi 11 na data iliyobanwa ni 1,092: 41 + 1,092 + 57 + 22 = 1,212. Nayo imekamilika.

Hesabu haitoki safi namna hii kila siku. ZIP nyingi zina sehemu za nyongeza za saa na mmiliki baada ya jina, na nyingine zina kielezi cha data cha baiti 12 au 16 baada ya faili. Programu ya zipdetails, inayokuja na Perl, huonyesha kila kipande na nafasi yake, na ndiyo ya kutumia mafaili yakiwa mengi. Kinachotakiwa ni kile kile: jumla ya vipande iwe sawa na ukubwa wa faili. Ikipungua, kuna kilichofichwa. Ikizidi, mafaili yanapandiana. David Fifield alionyesha mwaka 2019 kwamba maingizo ya ZIP yanaweza kutumia data moja kwa pamoja, na ZIP ya takriban megabaiti 10 ikafunguka kuwa terabaiti 281 kwa tabaka moja tu, bila ZIP ndani ya ZIP. Ukijumlisha ukubwa uliobanwa wa maingizo ya ZIP kama hiyo unapata namba kubwa mno kuliko faili lenyewe. Bomu hilo linakamatwa kwa kujumlisha, kabla ya kufungua chochote.

Uwiano unasema nini

7z l -slt inatoa pia haya kuhusu sehemu2.zip: Size 367001600, Packed Size 561337, Encrypted +, Method ZipCrypto Deflate. Uwiano ni karibu 654 kwa 1.

Deflate, mbinu ya kubana inayotumika hapa, ina kikomo chake. Rejeo moja linaweza kuwakilisha baiti zisizozidi 258, na kwa hali bora kabisa hugharimu biti 2: kwa biti 8 ni baiti 1,032. Kwa hiyo hakuna tabaka moja la Deflate linaloweza kuzidi 1,032 kwa 1, na ukiona tangazo la uwiano mkubwa zaidi, ama ukubwa uliotangazwa ni uongo ama maingizo yanapandiana. 654 inawezekana, lakini programu za kawaida hubanwa kwa 2 hadi 4 tu. Uwiano huu unasema sehemu kubwa ya faili ni baiti moja inayojirudia. Tukikadiria kwamba karibu yote ni sifuri, sifuri hizo zinahitaji takriban baiti 355,000 za data iliyobanwa, na zinazobaki kama 206,000 ndizo zenye kitu cha maana. Kabla ya kufungua tunajua tunachotafuta: kitu chenye ukubwa wa kilobaiti mia kadhaa, kimefunikwa na sifuri za megabaiti 350.

Kuna sababu ya kujaza hivi. Vichujio vingi vina kikomo cha ukubwa wa faili vitakalolikagua, na likizidi vinaliruka. Mwezi Machi 2023 programu hasidi ya Emotet ilisambazwa kwa nyaraka za Word zilizojazwa mpaka zikapita megabaiti 500, zikiwa ndani ya ZIP ndogo.

ZipCrypto ni usimbaji dhaifu. Eli Biham na Paul Kocher walionyesha mwaka 1994 jinsi ya kuuvunja ukijua sehemu ya maudhui, na programu ya bkcrack hufanya hivyo ikipewa baiti 12 zinazojulikana, angalau 8 zikiwa zimefuatana. Hapa nenosiri limo kwenye barua kwa hiyo kuuvunja hakuhitajiki. Lakini fahamu kwamba kama ISO hii ingewekwa bila kubanwa, baiti zake 32,768 za mwanzo kwa kawaida ni sifuri, na hizo zingetosha kabisa. Jambo jingine: ZipCrypto hukagua nenosiri kwa baiti moja tu, kwa hiyo nenosiri baya 1 kati ya 256 hupita ukaguzi huo na kukupa takataka. Ukiona faili limefunguka lakini CRC, namba ya kukagua maudhui iliyomo kwenye ZIP, haikubali, shuku nenosiri kwanza.

Kufungua bila kukubali jina la mshukiwa

Amri ya kufungua ni hii:

( ulimit -f 524288; timeout 120 7z x -so -pJun2277 sehemu2.zip > tabaka1.bin )

Muhimu zaidi hapa ni -so. 7z haitengenezi faili lolote. Inatoa maudhui tu, na shell inayaandika kwenye faili tulilolichagulia jina sisi. Jina lenye ../, jina lenye nafasi mwishoni, jina lenye herufi U+202E inayogeuza mwelekeo wa maandishi ili exe ionekane pdf, kiungo cha ishara kinachoelekeza nje ya folda: vyote havina pa kushika. Majina ni ushahidi, yanabaki kwenye orodha ya 7z l -slt iliyohifadhiwa kama maandishi. Hayahitaji kuwa majina kwenye diski ya mchambuzi. Ukifungua ZIP yenye mafaili mengi, taja ingizo moja moja, kwa sababu -so huyaunganisha yote kuwa mtiririko mmoja.

ulimit -f kwenye bash huhesabu kwa vipande vya baiti 1,024, kwa hiyo 524288 ni megabaiti 512. Kikomo hicho ni kwa kila faili, wakati kikomo cha tmpfs ni kwa jumla. Vinahitajika vyote viwili. Ukubwa uliotangazwa hauaminiki kama kinga, kwa kuwa umeandikwa na mshukiwa. Kinga ni kikomo kwenye baiti zinazoandikwa kweli.

Baada ya hapo stat -c %s tabaka1.bin inatoa 367001600, na 7z imemaliza kwa msimbo 0, yaani CRC imekubali. Heshi ya SHA-256 inaandikwa.

Tabaka la ISO

Alama ya ISO 9660 haiko mwanzoni mwa faili. Sekta 16 za kwanza zimeachwa, kila moja baiti 2,048, na CD001 inakaa kwenye nafasi 32,769:

dd if=tabaka1.bin bs=1 skip=32769 count=5 2>/dev/null

Inatoka CD001. Amri ya isoinfo -d -i tabaka1.bin inasema ukubwa ni sekta 179200 za 2048; 179,200 × 2,048 = 367,001,600. Hakuna mkia baada ya ISO.

Usiipachike ISO kwa mount. Kuipachika ni kukabidhi data ya mshukiwa kwa kiini cha mfumo ikasomwe kwa mamlaka yote, na faida yake hapa haipo, kwa sababu 7z husoma ISO bila kupachika. Soma orodha mara mbili, isoinfo -l kwa majina ya msingi na isoinfo -J -l kwa majina ya Joliet, orodha ya pili inayoruhusu majina marefu, kwa kuwa ISO moja inaweza kubeba miti miwili isiyofanana na Windows huonyesha wa Joliet. Hapa inafanana:

Ankara_Juni.lnk, baiti 1,893
Ankara_Juni.pdf, baiti 61,211
_x/rekodi.dat, baiti 366,542,848

Folda _x ina alama ya kufichwa, kwa hiyo mpokeaji angeona mafaili mawili tu.

Kwa nini ISO? Windows hubandika alama ya asili ya mtandao kwenye faili lililopakuliwa, na alama hiyo ndiyo inayozua onyo kabla ya kuendesha. Hadi marekebisho ya Novemba 2022, CVE-2022-41091, mafaili yaliyo ndani ya ISO iliyopachikwa hayakurithi alama hiyo. Mbinu imebaki kutumika kwa sababu kompyuta zisizosasishwa zipo, na kwa sababu si kila programu ya kufungulia huipitisha alama. 7-Zip yenyewe ilikuwa na dosari ya hilo kwenye vifurushi vya ndani kwa ndani, CVE-2025-0411, iliyozibwa katika toleo 24.09.

Toa moja moja:

7z x -so tabaka1.bin Ankara_Juni.lnk > t2_lnk.bin
7z x -so tabaka1.bin Ankara_Juni.pdf > t2_pdf.bin
7z x -so tabaka1.bin _x/rekodi.dat > t2_dat.bin

Sasa ndani ya tmpfs mna karibu baiti milioni 735. Nakala moja zaidi ya faili kubwa ingepita gigabaiti 1 na kazi ingekatika kwa ujumbe wa diski kujaa. Ujumbe huo ukitokea, soma kwanza kilichoijaza kabla ya kuongeza kikomo. Kuongeza kikomo kwa pupa ndiko bomu linakokungojea: 42.zip ya zamani, ya kilobaiti 42, hufikia petabaiti 4.5 ikifunguliwa matabaka yote, na hutegemea programu inayofungua ZIP za ndani yenyewe bila kuuliza. Ufunguaji wa kiotomatiki wa matabaka uzimwe, kila tabaka lipite mkononi.

exiftool t2_lnk.bin inaonyesha lengo la njia ya mkato ni rundll32.exe, programu ya Windows inayoendesha maktaba za programu (DLL), hoja zake _x\rekodi.dat,Anzisha, na aikoni ya PDF. Rundll32 haijali faili linaishia na nini; .dat inatosha. PDF iliyo kando ni ya kumtuliza mpokeaji.

Kukata sifuri

Amri ya file t2_dat.bin inasema ni DLL ya PE32+, umbo la programu za Windows. Faili la PE linajua sehemu zake zinaishia wapi: chukua sehemu ya mwisho kwenye jedwali, jumlisha nafasi yake kwenye faili na ukubwa wake wa data. Hapa ni 421,888. Zinazofuata ni 366,542,848 − 421,888 = 366,120,960. Je, ni sifuri tupu?

tail -c +421889 t2_dat.bin | tr -d '\0' | wc -c

Jibu 0. Kila baiti ya mkia ni sifuri. Kama lingetoka jibu lolote lingine, hata 16, mkia ungepaswa kuchunguzwa: ufunguo wa usimbaji au mipangilio ya programu huweza kukaa hapo, na DLL kuusoma ikiwa inaendeshwa. Kagua pia kama faili lina saini ya dijitali, kwani cheti cha PE hukaa baada ya sehemu zote, na ukikata bila kuangalia unakitupa. Hapa jedwali la vyeti ni tupu. Ujazaji unaweza pia kuwekwa katikati, ndani ya sehemu ya rasilimali, na hapo kukata mkia hakusaidii. Programu ya debloat imetengenezwa kwa hali hizo.

head -c 421888 t2_dat.bin > t3_dll.bin

Heshi mbili zinahifadhiwa, ya faili kubwa na ya lililokatwa, kila moja ikiandikwa wazi ni ya nini. Ya faili kubwa ndiyo itakayokutwa kwenye kompyuta zilizoathirika. Ya lililokatwa ni ya kulinganisha na sampuli nyingine, maana mshambuliaji akibadilisha kiasi cha sifuri heshi ya kwanza hubadilika na ya pili hubaki. Baiti 421,888 zinapokelewa na kifaa chochote cha uchambuzi bila kugomea ukubwa.

Kuhifadhi na kukabidhi

Sampuli haziondoki kwenye mashine pepe zikiwa wazi. Zinafungwa upya kwa nenosiri infected, ambalo wachambuzi wamelizoea:

7z a -tzip -mem=AES256 -pinfected sampuli.zip Ankara_Juni.zip t2_lnk.bin t2_pdf.bin t3_dll.bin

Mpokeaji akitumia unzip 6.0 atapata need PK compat. v5.1 (can do v4.6). Faili halijaharibika, ni unzip hiyo isiyojua AES, atumie 7z. ZIP haifichi majina hata ikisimbwa kwa AES, kwa hiyo kama majina yenyewe yana siri ya mteja tumia umbo la 7z lenye -mhe=on. Faili kubwa la megabaiti 350 haliingizwi; linapatikana upya kutoka kwenye ZIP asili kwa hatua hizi hizi.

Ripoti kwa wasimamizi wa kompyuta inabeba heshi za ZIP asili, ISO, LNK, DLL kubwa na DLL iliyokatwa, pamoja na hoja za rundll32 neno kwa neno, kwa kuwa hizo hutafutika kwenye kumbukumbu za mfumo hata heshi zikibadilika. Wasimamizi wa barua wanapewa jambo la kufanyia kazi zaidi ya heshi: kichujio chao kilisoma ZIP ya kwanza na mtumiaji akasoma ya pili. Kanuni ya kuongeza ni ya hesabu ile ile. Soma rekodi ya mwisho, tafuta tofauti kati ya mahali saraka kuu ilipo na inapodai kuwepo, na kama tofauti si sifuri na baiti za mbele zinaanza na PK, zuia. Sharti la PK lisiachwe, kwa sababu ZIP zinazojifungua zenyewe huwa na programu halali mbele yake, inayoanza na MZ, na nyingi kati ya hizo zina tofauti isiyo sifuri bila hila yoyote. Hizo zipelekwe kwenye kanuni inayohusu programu za kuendeshwa, ambayo kwa viambatisho vya barua inapaswa kuwa kali zaidi.